Vifuniko, mstari wa chaki au trei ya mayai: mtoto aanzie wapi kujua moja zaidi na moja pungufu?

Jumapili, soko la Kibuye hapa Kisumu. Nimemshika mkono mpwa wangu wa miaka mitano. Mama wa nyanya alitupangia fungu la nyanya tano, nikamwomba nyongeza, naye akaweka moja juu. Nikamwuliza mtoto, "Sasa ni ngapi?" Akaanza upya kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Sawa kabisa. Mara mama akaona moja imepondeka, akaiondoa. "Na sasa?" Mtoto akatazama fungu, akanitazama mimi, akasema, "Saba, shangazi."

Mtoto huyu huhesabu hadi 50 bila kukwama. Nyumbani wanampigia makofi, hata mimi nampigia. Lakini hesabu yake bado ni wimbo: ukimkatiza katikati, sharti aanzie mwanzo. Hajajua kwamba kila namba ina majirani wawili, mmoja anayeizidi kwa moja na mwingine anayepungukiwa kwa moja. Nimefundisha PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya awali kabla ya Gredi ya Kwanza, kwa miaka 11, na hapa ndipo ninapoona watoto wengi wenye akili nzuri wakisimama. Asiyevuka hapa huingia Gredi ya Kwanza akijumlisha 8 na 1 kwa kuchora vijiti vinane, halafu kimoja, halafu kuvihesabu vyote tisa tangu mwanzo.

Wazazi hunijia langoni wakiuliza: nimnunulie abakasi, ile fremu ya shanga za kuhesabia? Nimwekee programu kwenye simu? Kile kitabu chenye picha kinafaa? Kabla sijajibu huwa nawaomba wamjaribu mtoto mara tatu, jioni, bila kumtisha. Kwanza mwekee vitu vitano mezani, ongeza kimoja akiona, umwulize ni vingapi. Pili, toa kimoja, umwulize tena. Tatu, ondoa vitu vyote, umwulize kwa mdomo tu: baada ya saba ni ngapi? Kabla ya saba je? Pale anapokwama ndipo panapokuambia kifaa cha kuchukua. Mtoto aliyekwama kwenye jaribio la pili na yule aliyekwama kwenye la tatu hawahitaji kifaa kimoja, na ndiyo maana simpi kila mzazi jibu lile lile.

Maneno yetu yenyewe yanateleza

Sikiliza haya mawili: "moja zaidi" na "zaidi ya moja". Kwa mtu mzima ni mambo mbalimbali. Kwa mtoto wa miaka minne ni maneno yale yale yaliyobadilishana viti. Nimewahi kuuliza, "Nipe moja zaidi ya tatu," nikapewa konzi nzima ya maharagwe, kwa sababu mtoto alisikia "zaidi" akaishia hapo. Nilipomwuliza mwingine, "Moja chini ya saba ni ngapi?", alikwenda kwenye chati ukutani akatazama kilichoandikwa chini ya 7.

Upande wa kupungua ni mgumu zaidi, wala si kwa watoto wetu peke yao. Mwaka 1968 watafiti wawili wa Uskoti, Margaret Donaldson na George Balfour, waliwaonyesha watoto wadogo miti miwili ya kadibodi iliyotundikwa matofaa, wakawauliza ni upi wenye matofaa machache. Watoto wengi walionyesha ule wenye mengi, kana kwamba "chache" na "nyingi" ni neno moja. Kwa hiyo mpwa wangu aliposema saba badala ya tano, hakuwa mzembe. Alijua kitu kimebadilika, akakimbilia upande anaoujua.

Kwa wiki za kwanza, basi, usitumie "pungufu", "kasoro" wala "chini ya". Tumia vitenzi: ongeza kimoja, toa kimoja. Mkono ufanye, mdomo useme. Mkono ukishazoea, ndipo umletee "sita ni moja pungufu ya saba", naye atakuta neno lina mahali pa kukaa.

Vifuniko na mkebe

Vifuniko vya soda havina bei. Muulize mwenye hoteli au kioski, atakupa mfuko mzima. Vioshe kwa sabuni, gonga kingo zake kwa jiwe zisiwakate watoto, na usimpe mtoto wa chini ya miaka mitatu kwa sababu atavitia mdomoni. Wengine hutumia maharagwe. Mimi niliacha baada ya mtoto kuingiza moja puani, ikabidi tumkimbize zahanati.

Watu wengi wakishapata vifuniko huvimwaga mezani na kumwambia mtoto ahesabu. Hilo linamfundisha kuhesabu tu, jambo ambalo tayari analijua. Kinachofundisha moja zaidi ni mkebe, hata ule wa kakao unatosha. Tia vifuniko vinne kimoja kimoja, vilie chini, mtoto akihesabu kwa sauti. Funika kwa kiganja. "Mna vingapi?" Vinne. Sasa inua kiganja kidogo, dondosha kimoja zaidi, funika. "Sasa je?"

Mara ya kwanza mtoto atakuambia, "Sioni." Usimwonyeshe. Subiri. Nimewaona wakiinamisha sikio juu ya mkebe kana kwamba vifuniko vitajitaja, midomo ikicheza polepole, halafu macho yakafunguka: "Vitano!" Usimwambie kama amepata au amekosa. Mwaga mezani, ahesabu mwenyewe. Anapoona vitano kweli, ushahidi umetoka kwenye mkebe, haukutoka kwa mwalimu, na hilo humpa moyo kuliko makofi.

Kisha geuza mambo. Tia vitano, funika, ingiza vidole utoe kimoja, umwonyeshe mkononi. "Ndani vimebaki vingapi?" Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa nakaa siku nyingi. Kwa kila swali moja la kuongeza nauliza mawili ya kutoa, kwa sababu kuongeza kuna wimbo wa kukusaidia, na kutoa hakuna.

Kuna ujanja wa watoto wa kuujua. Baada ya siku tatu, wengine hugundua kwamba ukigusa mkebe wao waseme tu namba inayofuata. Basi siku nyingine ninaingiza mkono, ninavichezesha vifuniko vilie, na kuutoa mtupu, wakiona kwamba ni mtupu. Anayefikiri atasema, "Bado ni sita, tichaa." Anayeimba atasema saba. Siku nyingine ninadondosha viwili pamoja.

Udhaifu wa vifuniko ni kwamba rundo halina mpangilio. Mtoto anaona vitano, lakini haoni kwamba tano imekaa kati ya nne na sita. Na vikipita kumi vinakuwa kelele, anarudi kuvihesabu vyote. Daraja ni kuvipanga kama ngazi sakafuni: safu ya kimoja, kando yake viwili, kisha vitatu, hadi saba au nane. Mwambie apandishe kidole ngazini, ashuke. Kila hatua ni kifuniko kimoja, na anakiona kwa macho kikitokeza juu ya mwenzake.

Mstari wa chaki

Huu ndio ninaoupenda kuliko vyote kwa mtoto aliyefaulu majaribio mawili ya kwanza akakwama kwenye la tatu. Chora visanduku chini kwa chaki, au kwa kijiti kama uwanja ni udongo, kimoja baada ya kingine kwa mstari ulionyooka, kila kimoja urefu wa hatua ya mtoto. Anza na 0, ukipenda uite nyumbani, hadi 10. Mtoto asimame kwenye 6. Ongeza moja: aruke, ataje 7. Toa moja: arudi, ataje 6.

Unyoofu una maana. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani, Robert Siegler na Geetha Ramani, walicheza na watoto wadogo wa familia zenye kipato cha chini mchezo wa ubao wenye visanduku kumi vilivyofuatana, 1 hadi 10. Mtoto alisogeza kete yake kisanduku kimoja au viwili akitaja namba aliyoikanyaga. Baada ya vipindi vinne vifupi ndani ya wiki mbili, ujuzi wao wa namba ulipanda vizuri. Kundi lingine lilicheza ubao kama huo wenye rangi badala ya namba, nalo halikufaidika hivyo. Mwaka uliofuata walilinganisha ubao ulionyooka na wa mviringo, na ulionyooka ukashinda. Mimi nilikuwa nikichora visanduku kwa mviringo ili watoto wote 38 wazunguke pamoja. Niliacha.

Mambo mawili huharibu mstari wa chaki, na yote ni ya miguu. La kwanza: mtoto akiambiwa atoe moja hugeuka, akatembea akiangalia nyumbani. Ukimwambia tena aongeze moja, mbele yake sasa ni upande wa namba ndogo, anachanganyikiwa kabisa. Mfundishe kurudi kinyumenyume, uso ukiangalia 10 daima. La pili: amesimama kwenye 6, unamwambia moja zaidi, naye anakanyaga papo hapo akisema "moja". Amekihesabu kisanduku alichomo. Mwambie jibu ni pale anapotua. Sentensi hiyo fupi nimeirudia hadi watoto wenyewe huambiana.

Hasara zake ziko wazi. Hapa Kisumu mvua ya alasiri hufuta kazi yote ya asubuhi, na jua la adhuhuri haliruhusu kusimama uwanjani. Darasani anaruka mmoja, waliobaki wanaanza kusukumana. Ndiyo sababu tuna mchezo wa matatu, yale magari ya abiria. Panga viti viwili viwili, chagua dere wa kuendesha na makanga wa kuita abiria. Makanga lazima atangaze idadi kabla abiria hajakaa: "Tano! Anapanda mmoja... sita! Kondele, anashuka mmoja... tano!" Akikosea, gari haliondoki, na abiria ndio wanaomsahihisha, kwa kelele kweli. Mchezo huu hauna mstari wa kuonekana, lakini una kushuka, na kushuka ndiko tunakokutafuta.

Kasoro moja ya mstari ni ya ndani zaidi. Mtoto anaweza kujua kwamba 7 hufuata 6 jinsi anavyojua Jumanne hufuata Jumatatu, bila kuelewa kwamba saba ina kitu kimoja zaidi. Kwa hiyo sianzi na mstari. Na nikishauchora, mara kwa mara naweka vifuniko ndani ya visanduku, sita kwenye 6, saba kwenye 7, mtoto avipange jozi jozi atafute kipi hakina mwenzake.

Trei ya mayai

Trei ya kawaida ina vishimo 30, safu sita za vishimo vitano. Kata safu mbili, una vishimo kumi: vitano juu, vitano chini. Chagua safi isiyo na kinyesi cha kuku, ianike juani, na watoto wanawe mikono baadaye.

Faida yake ni kuona bila kuhesabu. Safu ya juu ikijaa vifuniko ni tano, hilo halihesabiwi tena. Viwili chini: saba. Toa kimoja: tano na kimoja, sita. Wajaluo wameliweka jambo hili ndani ya majina yenyewe ya namba. Tano ni abich, moja ni achiel, sita ni auchiel; mbili ni ariyo, saba ni abiriyo. Bibi anayehesabu kwa Dholuo na mjukuu wake mbele ya trei hii amebeba somo mdomoni, na ningependa wazazi wa mitaa yetu ya Nyalenda na Manyatta wasione haya kulitumia. Kiswahili chetu hakisaidii hapo, maana sita na saba tulizipokea kutoka Kiarabu. Kinasaidia baada ya kumi: "kumi na moja" inajieleza, jinsi "apar gachiel" inavyojieleza, ilhali "eleven" ya Kiingereza haimwambii mtoto chochote. Mtoto anayekwama kwenye kumi na moja akifundishwa kwa Kiingereza, mjaribu kwa lugha ya nyumbani kabla hujamwita mzito.

Basi trei ni ya mtoto anayevuka kumi. Jaza ya kwanza, weka ya pili kando yake na kifuniko kimoja. Kumi na moja. Toa kile kimoja, ona kumi imebaki nzima, haijaguswa. Kwa mkebe hili halionekani kamwe.

Sharti moja: ajaze safu ya juu kwanza, kuanzia kushoto. Ukimwacha atapakaze vifuniko huku na huku, trei inarudi kuwa rundo tu lenye mashimo.

Abakasi, kadi, simu

Abakasi ya mbao yenye safu kumi za shanga kumi ni nzuri kwa mtoto wa Gredi ya Kwanza anayehesabu makumi. Kwa wa PP1 ni kitu cha kutelezesha. Kama unayo, tumia safu mbili za juu na ufunike zilizobaki kwa kitambaa. Kama huna, usikope pesa kuinunua.

Kadi za namba hupima, hazifundishi. Programu ya simu nimeijaribu na watoto watatu wa jamaa zangu: wote waligundua kwamba ukigusa majibu yote, moja litalia kengele. Tena kidole kwenye kioo hakihisi kwamba kimeondoa kitu.

Daftari

Hapa nina uzito moyoni. Muhula mzima niliwahi kuwapa watoto kurasa za "andika namba inayofuata" na "andika namba iliyotangulia". Wazazi walifurahi kuona vitabu vimejaa tiki nyekundu. Muhula ulipoisha nikaleta mkebe, nikatia vifuniko saba, nikatoa kimoja. Zaidi ya nusu walikosa. Walikuwa wakinakili kutoka chati ya ukutani, jicho juu, penseli chini. Sikuwafundisha chochote nilichodhani nimefundisha, na wale watoto walikwenda mbele hivyo hivyo.

Tangu hapo daftari huja mwisho, baada ya mtoto kujibu mkebe bila kusita kwa wiki mbili hivi, na chati naigeuza iangalie ukuta. Shule ikimpa mwanao kurasa hizo mapema, usigombane na mwalimu. Mwache aandike, kisha umwulize jibu lile lile kwa vifuniko.

Kwa hiyo, kipi?

Aliyekosa unapoongeza au unapotoa vitu mbele yake, achukue mkebe, na namba zisivuke tano mpaka kutoa kuwe kwepesi. Anayejibu kwa vitu lakini kwa mdomo anarudi kuanzia moja, achorewe mstari. Anayekwenda vizuri hadi tisa akatatizika kwenye kumi, apewe trei. Unaishi chumba kimoja Kaptembwo kule Nakuru na huna ua? Mstari unaweza kuwa kipande cha utepe sakafuni na mwanasesere akaruka badala ya mtoto, ingawa mwili wa mtoto mwenyewe hufundisha vizuri zaidi. Una darasa kubwa? Mkebe mmoja mkononi mwako darasa zima likisikiliza, halafu matatu. Dakika tano hadi kumi kwa siku zinatosha. Nikizidisha hapo naanza kuona miayo.

Mpwa wangu nilimpa mkebe, jioni baada ya chai. Siku nne alisema namba inayopanda kila nilipotoa kimoja. Siku ya tano alinyamaza muda mrefu, akahesabu kwa vidole kurudi nyuma, akasema nne, akainua kiganja changu mwenyewe ili aone. Sasa tuko kwenye trei. Jana nilijaza kumi, nikaweka kimoja cha pembeni, nikakiondoa. Akasema "kumi" mkono wangu ukiwa bado hewani, kisha akauliza kama anaweza kukitoa na cha kumi, aone kinachobaki.